Sauti ya Mwanamke katika Nyimbo za Kuandikisha Askari

Tabia na mawazo ya watu huonekana katika nyimbo zao kuliko katika mazungumzo yao ya kila siku. Neno ambalo mtu mmoja hawezi kulisema bila kuulizwa maana yake, watu elfu huliimba pamoja wala hapana aulizaye. Kwa sababu hiyo twapenda kuziangalia nyimbo za namna moja, yaani zile za kumwita mtu aipende nchi yake na kuitumikia kwa silaha, tupate kuona zinamwonyeshaje mwanamume, na zinamwonyeshaje mwanamke. Jambo hili lawahusu walimu na mapadre kuliko wengine. Nyimbo za namna hii huimbwa shuleni katika sikukuu za taifa, na watoto huzishika upesi kuliko hesabu. Tena askari aliyerudi hali moyo wake umevunjika huja kwa padre. Haendi kwa mtungaji wa wimbo uliompeleka.

Twachagua mfano ulio wazi, nao ni nyimbo za Uingereza za mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, Uingereza siku zile haikuwa na sheria ya kuwalazimisha watu kuingia jeshini. Lord Kitchener, waziri wa vita, aliomba watu 100,000 mwezi wa Agosti, na watu hao hawakuweza kupatikana ila kwa kubembelezwa au kwa kutahayarishwa. Sheria ya kulazimisha ilikuja Januari 1916 kwa waseja, na Mei ya mwaka ule ule kwa wenye wake. Basi kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi wimbo ulifanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na sheria. Sababu ya pili, vita ile ile ilifika kwetu Afrika ya Mashariki, ikaacha nyimbo zake na makaburi yake, nasi twaweza kulinganisha.

Wimbo wa kwanza ni wa Paul Rubens, uitwao “Your King and Country Want You”, wa mwaka 1914. Jina lake lasema kwamba mfalme na nchi ndio wamtakao mtu. Lakini ukiingia ndani humsikii mfalme. Wasemao ni wanawake, na wimbo ulitangazwa waziwazi kuwa ni wimbo wa wanawake wa kuandikisha askari. Wanawake hao wakiri kwamba kuachana ni uchungu, kisha wahukumu kwamba wajibu wa mwanamume ni kwenda, na mapenzi yao yatakuwa thawabu yake akirudi. Sasa tazama jambo moja. Faida ya kuuza karatasi za wimbo huo ilipelekwa katika mfuko wa Malkia Mary wa kuwapatia wanawake kazi, maana vita ilipoanza wanawake wengi walipoteza ujira wao. Wimbo wamwonyesha mwanamke asiye na haja nyingine ila kupenda na kupendwa, lakini fedha yake yaenda kwa wanawake waliohitaji mkate. Mwanamke wa kweli alikuwa nyuma ya karatasi. Ndani ya wimbo hakuwamo.

Wimbo wa pili, wa mwaka ule ule, ni “I’ll Make a Man of You”, maneno ya Arthur Wimperis na muziki wa Herman Finck. Huu uliimbwa katika jumba la michezo. Msichana ajigamba kwamba kila siku ya juma hutembea na mtu mwingine wa jeshi, na kwamba yeyote atakayekubali kuandikwa, yeye atamfanya mwanamume. Watu walicheka, na wimbo ulipendwa sana. Lakini mwalimu wa lugha hana budi kusimama juu ya neno hilo “mwanamume”. Hapa si mtu aliyezaliwa mume, wala si mtu mzima mwenye akili na kazi yake. Limekuwa cheo kitolewacho na jeshi, na mwanamke amefanywa muhuri wa kukithibitisha. Mkulima, mwalimu, mchimba makaa na baba wa watoto sita hawajawa wanaume bado mpaka wavae sare. Askari wenyewe walipokwisha kuyajua mambo ya mitaroni waliugeuza wimbo huo kuwa dhihaka, wakaimba kwa sauti ile ile kwamba jeshi hawalitaki hata kidogo. Mhakiki bora kuliko hao hatumjui.

Wimbo wa tatu ni mpole zaidi, nao ni “Keep the Home Fires Burning”, wa mwaka 1914 pia. Muziki ni wa Ivor Novello, na maneno ni ya Lena Guilbert Ford, mwanamke wa Kimarekani aliyekaa London. Humu hamna matusi wala mzaha. Waliobaki nyumbani wahimizwa kuficha machozi na kuutunza moto wa meko mpaka vijana watakaporudi. Wengi walifarijika kwa wimbo huu, nasi hatuwalaumu. Walakini wimbo wasimama juu ya wazo kwamba kuna mahali pawili: huko mbali penye hatari, ambapo ni pa wanaume, na hapa nyumbani penye salama, ambapo ni pa wanawake. Mwezi wa Machi 1918 ndege za Wadachi zilitupa mabomu juu ya London, na Bibi Ford akauawa pamoja na mwanawe katika nyumba aliyokaa. Vita haikuiheshimu mipaka ambayo wimbo uliiweka.

Tukizikusanya nyimbo hizi twaona kwamba mwanamke hutiwa katika kalibu tatu tu. Ama ndiye atumaye, ama ndiye aahidiye, ama ndiye angojaye. Mwanamume hana hata hizo tatu. Kalibu yake ni moja, nayo ni kwenda. Akisitasita hapewi nafasi ya kuwa mtu mwenye shaka, au mwenye wazee wa kulisha, au mwenye dhamiri inayomkataza kuua. Huwa “si mwanamume”, na neno limekwisha.

Je, kwa nini watungaji walipenda sauti ya mwanamke? Sisi twafikiri ni kwa sababu sauti hiyo huificha amri. Mfalme akisema “Nenda”, raia aweza kuuliza, “Kwa haki gani? Kwa muda gani? Nani atawalisha wanangu?” Lakini mchumba akisema “Nenda”, mtu hawezi kuuliza hayo bila kuonekana kwamba anapima mapenzi kwa mizani ya sokoni. Swali la nchi limegeuzwa kuwa swali la chumbani. Hivyo wale walioagiza vita husimama nyuma ya pazia, na mwanamke huwekwa mbele achukue lawama.

Wala jambo hili halikuishia katika wimbo. Mwezi wa Agosti 1914, katika mji wa Folkestone, Admirali Charles Penrose-Fitzgerald aliwakusanya wanawake wawape vijana wasiovaa sare unyoya mweupe, alama ya woga. Desturi hiyo ilienea nchini. Angalia mpango wake: aliyebuni ni mwanamume mzee wa vita, waliotumwa ni wanawake, na waliotahayarishwa ni vijana. Katika majumba ya michezo naye Vesta Tilley, mwanamke aliyejulikana kwa kuigiza wanaume, alisimama katika sare ya askari na kuwaita vijana waje kuandikwa, hata akasifiwa kuwa mwandikishaji hodari kuliko wote. Basi mwanamke aliyevaa nguo za kiume ndiye aliyewafundisha wanaume namna ya kuwa wanaume! Kama uanaume waweza kuvaliwa na kuvuliwa jukwaani, haiwezekani kuwa ndio asili ya mtu kama nyimbo zilivyodai.

Mtu aweza kutujibu kwamba nyimbo hizi ziliwapendeza wanawake wenyewe, na kwamba waliotoa unyoya hawakulazimishwa. Ni kweli. Kalibu haimfungi mtu kwa kamba. Humfunga kwa sifa. Mwanamke asiye na kura, ambaye Bunge halikumwuliza juu ya vita, alipewa ghafula uwezo wa kumhukumu mwanamume barabarani. Wengine waliupokea, maana hawakupewa uwezo mwingine. Twaweza kulielewa jambo hilo bila kulisifu.

Hata nyimbo za kuipinga vita hazikuivunja kalibu. Huko Marekani mwaka 1915 ulienea wimbo “I Didn’t Raise My Boy to Be a Soldier”, wa Alfred Bryan na Al Piantadosi, ambamo mama akataa mwanawe asiuzwe kwa vita. Kusudi lake ni la amani, na Theodore Roosevelt alilichukia sana. Lakini hapo pia mwanamke asema kwa sababu yeye ni mama. Hasemi kwa sababu ni raia mwenye hoja. Naye kijana mwenyewe hana kauli; mama asema kwa niaba yake, kama vile katika wimbo wa Rubens mchumba alivyosema. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, watungaji hawakupata shida. Mama yule yule aligeuzwa kuwa mama amtoaye mwanawe kwa furaha. Kalibu tupu hutiwa chochote.

Nyimbo hizi zilificha nini? Zilificha kazi ya wanawake na hofu ya wanaume. Wakati wimbo ulipomwonyesha mwanamke akikaa penye meko, wanawake kwa maelfu walikuwa katika viwanda vya risasi wakishika baruti iliyowageuza ngozi kuwa ya manjano, na tangu mwaka 1917 wengine walivaa sare katika kikosi cha wanawake wa jeshi. Kwa upande wa wanaume, walikuwako waliotetemeka kwa vishindo vya mizinga hata wakashindwa kusema au kutembea. Wengine waliopatikana na hatia ya kutoroka au ya woga walipigwa risasi na wenzao alfajiri. Serikali ya Uingereza iliwasamehe watu 306 wa namna hiyo mwaka 2006, wakati wazazi wao na wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Jamaa hao waliishi miaka mingi na aibu ambayo wimbo ulisaidia kuitengeneza. Hilo ndilo deni la maneno mepesi.

Sasa na tutazame kwetu, na kwanza lugha. Mwingereza akitaja askari kisha akaendelea na habari zake, hana budi kuchagua neno la mume au la mke. Mswahili asema “amekwenda”, “atarudi”, na msikiaji hajui kama ni mume au mke. Maneno askari, shujaa, mwoga, mlinzi, hayana kike wala kiume. Basi mtungaji wa Kiswahili akimfungia mwanamke nje ya ushujaa, sarufi haikumlazimisha. Amefanya hivyo kwa kuongeza maneno, kama “jikaze kiume”, au kwa kumwambia mwoga avae kanga. Hatusemi kwamba lugha yetu haina mizani yake. Wasomaji wa Biblia wajua kwamba mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na kamusi za zamani zautaja wa kushoto kuwa wa kuke. Lakini mlango u wazi katika lugha yetu kuliko katika lugha nyingi za Ulaya, nasi tusiufunge kwa kuiga.

Tena tunao mfano wa wimbo wa askari wa namna nyingine kabisa, yaani “Funga Safari”, uliojulikana katika mwendo wa askari wa King’s African Rifles. Wimbo huo hauna mchumba wala mama. Hauahidi mapenzi, wala haumwiti mtu mwoga. Wauliza tu safari hii imeagizwa na nani, kisha wajibu kwa kumtaja afisa na jeshi lake. Wengine wameuona kuwa ni wimbo mkavu usio na ushairi. Sisi twauona kuwa mkweli kuliko ule wa Rubens, maana aliyeagiza ametajwa kwa cheo chake, wala hakujificha katika nguo za mwanamke. Mtu akiuimba ajua ni nani wa kuulizwa siku ya hesabu.

Hata hivyo nao hausemi yote. Katika vita ya 1914 hadi 1918 upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi karibu milioni moja katika nchi zetu, na waliokufa hukadiriwa kuwa si chini ya 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam latoka katika jina la jeshi hilo la wapagazi. Upande wa Wadachi, wake wa askari na watoto wao walifuata msafara, wakapika, wakachukua mizigo, wakazaa njiani. Na kule ambako wanaume na chakula vilichukuliwa, wanawake walibaki na mashamba yasiyo na mikono ya kutosha. Wagogo waliiita Mtunya njaa kubwa iliyowapata baina ya 1917 na 1920. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yamwonyesha mwanamume mwenye bunduki. Ni sanamu nzuri, na yastahili heshima. Lakini mtoto asiyefundishwa zaidi ya hiyo atadhani kwamba vita ile ilichukuliwa na bunduki tu, wala si na vichwa vya wapagazi na migongo ya wanawake.

Hatuna budi kutaja pia kwamba kumtahayarisha mwanamume kwa nguo za kike si jambo la Ulaya peke yake. Tarehe 16 Machi 1922, watu walipokusanyika Nairobi kwa ajili ya kufungwa kwa Harry Thuku, viongozi waliwasihi watawanyike. Ndipo Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake na kuwaambia wanaume waichukue, wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakapiga risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Vivyo hivyo Urusi mwaka 1917 Maria Bochkareva aliunda kikosi cha wanawake, na moja katika makusudi yake lilikuwa kuwatia aibu wanaume waliochoka na vita. Aibu hiyo yafanana na ile ya unyoya mweupe, maana yote yajengwa juu ya neno kwamba mwoga ni mwanamke. Lakini kuna tofauti kubwa. Nyanjiru alikwenda mwenyewe, akafa mbele. Bochkareva aliingia vitani na wenzake mwezi wa Julai. Kwa kitendo chao waliukanusha ule msemo walioutumia kwa kinywa chao. Anayemtahayarisha mwenzake na kubaki nyuma hawezi kuhesabiwa pamoja nao.

Kwa wasomaji wetu wako pia mashairi ya vita ya zamani sana, nao ni wimbo wa Debora katika Waamuzi 5. Baraka hakukubali kwenda bila Debora, naye Debora akaondoka pamoja naye. Katika wimbo wake awakemea waliobaki, kina Reubeni, Dani na Asheri, lakini angalia anavyowakemea: ataja mahali walipokuwa, kwenye mazizi, merikebuni, pwani ya bahari. Awahukumu kwa tendo lao. Hawaambii kwamba wao ni wanawake. Tena mwanamke angojaye dirishani katika wimbo huo ni mama wa Sisera, adui, na wenziwe wajifariji kwamba vijana wamekawia kwa kugawana wasichana waliotekwa. Wimbo wajua kwamba katika vita wanawake huwa nyara. Nyimbo za mwaka 1914 hazikuthubutu kulisema hilo ila kwa habari za adui. Haki yatudai tuseme kwamba tusi la kale nalo limo katika Maandiko, kwa mfano Nahumu 3, ambapo watu wa Ninawi wafananishwa na wanawake kwa udhaifu wao. Mhubiri aisomapo sura hiyo afafanue kwamba ni desturi ya maneno ya vita ya zamani, wala asiifanye kuwa mafundisho juu ya wanawake.

Basi mwalimu afanyeje? Hatusemi nyimbo za nchi zifutwe shuleni. Kuipenda nchi ni jambo jema, na mtoto asiyeimba nchi yake amepungukiwa. Twashauri kila wimbo upimwe kwa maswali manne kabla ya kufundishwa. Nani asemaye ndani yake? Nani aagizaye, naye ametajwa au amefichwa? Nani aendaye na nani abakiye, na yule abakiye anafanya kazi gani? Na mwisho, mwoga aambiwa nini? Darasa lenye wavulana na wasichana laweza kujibu maswali hayo kwa saa moja, na litajifunza zaidi ya kuimba.

Wimbo umwitao mwoga mwanamke usifundishwe hata kidogo, ijapokuwa sauti yake ni tamu. Wasichana wa darasa hilo wameketi hapo wakisikia jina lao likiwa tusi. Wavulana nao wafundishwa kwamba kuogopa ni kupoteza utu, na siku watakapoogopa kweli, kama watu wote waogopavyo, hawatakuwa na mtu wa kumwambia. Leo wanawake hutumika katika majeshi ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Na kabla yao Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa Field Marshal wa Mau Mau misituni. Wimbo usiowajua hao umekuwa uongo hata kwa habari za gwaride.

Wazee wetu walikwisha kusema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo haitaji mume wala mke. Haimtukani mwoga, wala haimdanganyi shujaa; yaeleza tu kitakachofika katika kila nyumba, ili mtu achague hali anajua. Mtungaji apendaye kuandika wimbo wa nchi na ausimamishe juu ya ukweli wa namna hiyo.